Kidato cha Tatu, KCSE ya 2027 na maombi ya vyuo vikuu vya Marekani: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa ninachokichambua hapa ni cha binti wa Kaunti ya Kilifi aliyeingia Kidato cha Tatu mwezi wa Januari 2026 katika shule ya bweni ya wasichana. Yeye na wazazi wake wamekusudia aombe nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani vyenye ushindani mkali kabisa, MIT (Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts) ikiwa ya kwanza kwenye orodha yake. Mambo machache yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Yanayohusu masomo yake, fedha za nyumbani na kalenda nimeyaacha yalivyo, kwa kuwa uamuzi wote umesimama juu ya hayo matatu. Baba yake ni fundi seremala. Mama yake ni mama karanga, anayenunua samaki ufuoni asubuhi na kuwauza jioni wakiwa wamekaangwa. Katika mitihani ya mwisho ya Kidato cha Pili binti alipata wastani wa A-, akaongoza darasa katika hisabati na fizikia, na udhaifu wake ukaonekana katika uandishi wa Kiingereza, ambao haukuvuka B.

Familia ilinijia kwa ushauri ikiwa na mpango uliokwisha kuandikwa na ami yake aishiye ughaibuni. Mpango huo ulikuwa na nguzo tatu: binti ahamishiwe shule ya kibinafsi yenye mtaala wa Cambridge, ajiunge na vilabu saba ili wasifu wake uwe mpana, na atume maombi Novemba 2027, akiwa bado Kidato cha Nne, ili asipoteze mwaka. Ami aliandika kwa mapenzi, na mengi aliyoyasema ni kweli kwa mtoto anayesoma sekondari huko huko Marekani. Kwa mtoto wa KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kenya, hata hivyo, naona nguzo zote tatu zinamwelekeza pabaya, na ya tatu ndiyo yenye hatari kuliko zote.

La kuhama halikuhitaji mjadala mrefu. Karo ya shule za aina hiyo ingemeza mapato yote ya nyumba na bado isitoshe. Lakini hata kama karo isingekuwa kikwazo, kuhama kungemlazimu aanze upya IGCSE kisha A-Level, ngazi mbili za mtaala huo, na kumwongezea miaka bila kumpa kitu ambacho vyuo vya Marekani vinakihitaji, kwa sababu vyuo hivyo hupokea KCSE. Mambo yangekuwa tofauti kama lengo lingekuwa Oxford au Cambridge, ambazo haziihesabu KCSE peke yake kuwa inatosha kuingilia digrii. Lipo pia jambo moja la mwaka huu ambalo familia haikuwa imelitafakari. Binti huyu yumo katika kundi la mwisho kabisa la mfumo wa 8-4-4: waliofanya KCPE (mtihani wa kumaliza shule ya msingi) ya mwisho mwaka 2023, wakaingia Kidato cha Kwanza 2024, na watafanya KCSE ya mwisho 2027. Nyuma yao hakuna darasa. Mwanafunzi wa zamani aliyeteleza Kidato cha Tatu aliweza kurudia mwaka. Wa kundi hili hana pa kurudi, kwa kuwa wadogo zake wako kwenye shule za upili za mtaala mpya, Gredi ya 10 ikiwa imeanza Januari 2026. Kumhamisha mtoto wa namna hii katikati ya safari ni kumwondoa kwenye njia ambayo hawezi tena kuirudia.

Nguzo ya tatu, ya kuomba akiwa Kidato cha Nne, inahitaji kutazamwa tarehe kwa tarehe. Dirisha la maombi ya Marekani hufunguliwa tarehe 1 Agosti kwa vyuo vinavyotumia Common App, fomu moja ya maombi inayotumiwa na vyuo vingi, na MIT, ambayo ina fomu yake yenyewe, hufungua mwezi huo huo. Maombi ya mapema hufungwa kwa kawaida tarehe 1 Novemba, na ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Sasa weka kalenda ya KCSE kando ya hiyo. Muhula wa pili wa Kidato cha Nne ni muhula wa moku, yaani mitihani ya majaribio. Agosti ni likizo fupi. Mitihani ya vitendo na ya mdomo huanza Oktoba, na karatasi za maandishi huchukua sehemu kubwa ya Novemba. Msichana wa bweni asiyeruhusiwa simu, anayeona kompyuta kwa ratiba ya maabara, angelazimika kuandika insha ya maneno 650 pamoja na insha fupi za kila chuo, kufanya SAT (mtihani wa Marekani wa kuombea vyuo), kujaza fomu za msaada wa fedha na kuwafuatilia walimu wawili watume barua, yote hayo katika majuma yale yale ambayo walimu hao wanakimbizana na mtihani wa taifa. Na baada ya taabu hiyo, angetuma maombi bila matokeo ya KCSE mkononi. Shule nyingi za Kenya hazina desturi ya kutoa alama za makadirio, na mwalimu mkuu anayeombwa ghafla akadirie huandika kwa tahadhari, jambo ambalo humwumiza mwombaji.

Kibaya zaidi ni kile ambacho kingeathirika. Wastani wa A katika KCSE huanzia pointi 81 kati ya 84 kwa masomo saba, maana yake mtahiniwa anaweza kupungukiwa pointi tatu tu, na ya nne humshusha hadi A-. Mwaka 2024 waliopata A ya wastani nchini kote walikuwa 1,693 katika watahiniwa wapatao 962,000. Programu mbili za Kenya ambazo zimewafikisha vijana wengi wa familia zisizo na uwezo kwenye vyuo hivi, KenSAP iliyoanzishwa 2004 na Equity Leaders Program, huchagua watu wao kwa kutazama kwanza matokeo hayo ya KCSE. Kwa hiyo mtoto anayeipunguzia KCSE muda ili awahi kuomba anajifungia mlango wenye msaada mkubwa zaidi, mlango ambao hauhitaji awe na ami ughaibuni wala fedha za kumlipa mshauri.

Mapendekezo yangu yalikuwa kwamba Kidato cha Tatu na cha Nne viwe vya KCSE na kazi moja ya nje ya darasa, na mwaka 2028 mzima uwe mwaka wa maombi. Matokeo hutoka Januari. Kuanzia hapo ana miezi saba ya kujiandaa kwa SAT kabla dirisha halijafunguliwa, akiwa nyumbani, akiwa na simu, bila kengele ya prepu. SAT ya sasa hufanywa kwa kompyuta, ina maswali 98 na huchukua saa mbili na dakika 14. Hesabu zake kwa sehemu kubwa hazimzidi mwanafunzi aliyemaliza silabasi ya KCSE vizuri. Kinachowaangusha watoto wetu ni sehemu ya kusoma na kuandika, na kwa binti huyu mwenye B ya Kiingereza hapo ndipo kazi ilipo. Mazoezi yake ni ya bure katika programu ya Bluebook na kwenye Khan Academy. Mtihani wenyewe si wa bure: kwa anayeufanyia nje ya Marekani gharama hupita dola 100, na msamaha wa ada wa College Board, shirika lenye mtihani huo, hauwahusu wanafunzi wa kigeni. Nimewaambia wazazi waweke akiba ya mitihani miwili, mmoja wa Mei au Juni na wa pili wa Agosti, na wasiweke ya mtihani wa tatu, kwa maana baada ya majaribio mawili yenye maandalizi ya dhati alama huwa zimeshajionyesha. Vipo vyuo ambavyo havilazimishi SAT, na Bowdoin haijailazimisha tangu 1969, lakini MIT iliirudisha 2022, na Harvard, Dartmouth na Brown zikafuata 2024. Kwa mwombaji wa hisabati kutoka shule ambayo msomaji wa Boston hajawahi kuisikia, alama nzuri ya SAT ni ushahidi unaosomeka haraka.

Katika masomo ya darasani palikuwa na jambo moja la kuamua mara moja. Mwalimu mmoja alimshauri aiache fizikia Kidato cha Tatu achukue somo jepesi zaidi, ili wastani upande. Nilipinga. MIT hupendekeza wazi kwamba mwombaji awe amesoma fizikia, kemia, bayolojia na hisabati hadi kalkulasi, na anayejitambulisha kuwa mtu wa uhandisi huku amekwepa fizikia hana maelezo ya kuridhisha. Kuhusu kalkulasi yenyewe, silabasi ya hisabati ya Kidato cha Nne inagusa difrensiesheni na intagresheni kwa wepesi tu. Pengo hilo lizibwe 2028, baada ya KCSE. Kulianza sasa ni kumwongezea mzigo ambao mtihani hautampa alama yoyote kwa ajili yake.

Nimeichelewesha nguzo ya vilabu kwa sababu ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuizungumza na binti mwenyewe. Alikwisha kujiandikisha katika midahalo, mazingira, uanahabari, skauti, hisabati, muziki na Msalaba Mwekundu, na katika vilabu vinne kati ya hivyo hakuweza kunieleza amefanya nini. Common App ina nafasi kumi za shughuli, kila moja ikiwa na herufi 150 tu za maelezo. MIT ina nafasi nne. Anayesoma fomu hizo hatafuti wingi wa majina ya vilabu. Anatafuta mahali ambapo mtoto ameweka saa zake na kilichotokea kwa sababu yake. Nikamwuliza ni kitu gani alikifanya Kidato cha Pili bila kuamriwa. Akanieleza juu ya visima.

Kwa mashindano ya KSEF, ya sayansi na uhandisi kwa shule za Kenya, alikuwa amepima chumvi ya maji katika visima vya kijiji chao, akafika ngazi ya kaunti ndogo, akashindwa kuendelea, na daftari likafungwa. Hapo ndipo nilipoona kiini cha maombi yake. Ukanda wa pwani wa Kilifi umekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye vinyweleo; maji matamu ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini, na visima vinapovutwa kupita kiasi, au mvua inapochelewa, chumvi hupanda. Mtoto wa kijiji hicho anajua kisima gani hunywewa na kipi huachiwa kufua. Alichokifanya kwa wiki tatu za mashindano kinaweza kufanywa kwa miaka miwili: kila likizo ya Aprili, Agosti na Desemba apime visima vile vile, kwa kifaa kidogo kile kile cha mkononi, aandike tarehe, kina cha maji na hali ya mvua, ili kabla ya kumaliza Kidato cha Nne awe na mfululizo wa vipimo vya kabla na baada ya masika na vuli. Gharama ni ndogo na likizo tayari anazo. Akishinda KSEF baadaye ni heri; asiposhinda, kazi bado ipo, na wazee wa kijiji watakuwa na kumbukumbu ambayo hawakuwa nayo. Ninalisisitiza hili la mwisho kwa sababu naamini shughuli ambayo isingekuwa na maana kama chuo kisingeiona haifai kumpotezea mtoto likizo yake.

La pili lilitoka kwa mama yake, aliyekuwa amekaa kimya muda wote. Alisema kwamba daftari la madeni ya samaki huandikwa na binti tangu akiwa darasa la saba: nani kachukua kwa mkopo, nani kalipa kwa M-Pesa, siku gani samaki wamepanda bei kwa sababu ya kusi. Binti hakuwa ameitaja kazi hiyo kwa kuwa aliiona ni kazi ya nyumbani, isiyostahili kuandikwa kwenye fomu ya chuo kikuu. Common App ina kipengele kizima cha majukumu ya kifamilia, na wasomaji wa fomu wanafahamu vizuri kwamba mtoto anayemsaidia mama kuendesha biashara hana alasiri za kuhudhuria vilabu saba. Visima na daftari hilo viandikwe juu kabisa, kisha hisabati, ambako ashiriki Olimpiadi ya Hisabati ya Kenya kama shule itampeleka. Vilabu vingine vyote aviache, na ameviacha.

Kuhusu fedha niliongea na baba peke yake, kwa sababu nilitaka aulize maswali bila haya. Gharama ya mwaka mmoja katika vyuo hivi, pamoja na malazi na chakula, hupita dola 80,000. Hakuna familia ya fundi seremala inayoweza kuzilipa, wala hatakiwi kujaribu, na asikubali kuuza shamba kwa ajili ya chuo kisichotoa msaada. Anachopaswa kukijua ni tofauti kati ya chuo kisichotazama uwezo wa kifedha wa mwombaji wa kigeni kinapoamua kumchukua, na chuo kinachoutazama. Vya kwanza ni vichache sana: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst kwa muda mrefu, kisha Dartmouth na Bowdoin kuanzia 2022, na Brown na Notre Dame miaka michache iliyofuata. Vyuo hivi pia hugharamia upungufu wote wa familia, na tangu vuli ya 2025 Harvard na MIT hazitozi chochote familia ya kawaida yenye kipato kisichofika dola 100,000 kwa mwaka. Stanford, kwa upande wake, hutoa msaada mkubwa lakini kwa mgeni huzingatia kama ameuomba. Vyuo vya umma vya California, ambavyo watoto wengi huviorodhesha kwa sababu ya majina yake, havina msaada wa maana kwa mwanafunzi wa kigeni. Kwa nyumba hii ni kupoteza ada ya maombi. Ukipanga orodha kwa kigezo hiki, majina mengi maarufu huondoka yenyewe.

Kikwazo halisi cha fedha kiko kwenye hati. Fomu ya CSS Profile, ya kuombea msaada wa fedha, huuliza mishahara, kodi na akiba za benki, na katika nyumba hii hakuna mwenye hati ya mshahara. Hilo halimfungii mtu mlango, lakini lataka maandalizi ambayo hayafanyiki kwa wiki moja. Baba ameanza kuandika kila kazi ya useremala na malipo yake. Taarifa za M-Pesa za wazazi wote wawili zitatolewa kwa mwaka mzima wa 2027. Barua ya chifu na hati ya kiapo mbele ya wakili zitaeleza aina ya mapato na idadi ya wanaotegemea. Takwimu za fomu na za M-Pesa zikigongana, ofisi ya msaada itauliza, na kujibu kwa kuchelewa katika mwezi wa Februari kunaweza kumgharimu nafasi. Daftari la mama lilinifurahisha tena hapa, kwa kuwa ndilo rekodi ya kuaminika kuliko zote walizonazo.

Barua za walimu nazo zina ugumu wake wa kwetu. MIT hutaka mwalimu mmoja wa hisabati au sayansi na mmoja wa sanaa, jamii au lugha. Mwaka 2028 binti atakuwa ameshaondoka shuleni, na mwalimu wake wa fizikia anaweza kuwa amehamishwa na TSC, tume inayowaajiri walimu, hadi kaunti nyingine. Kwa hiyo kabla ya kuaga shule Novemba 2027 achukue namba na barua pepe za mwalimu wa fizikia na wa Kiswahili, na amwombe kila mmoja aandike kurasa mbili za kumbukumbu juu yake wakati angali anamkumbuka. Mwalimu mkuu aombwe mapema maelezo ya shule yanayoonyesha ni wanafunzi wangapi hupata A na jinsi mitihani ya muhula inavyosahihishwa kwa ukali, maana asiyeijua Kenya ataisoma B ya muhula kuwa udhaifu.

Hata mpango huu ukitekelezwa wote, uwezekano wa kukosa ni mkubwa. Kwa darasa la kuhitimu 2028, Harvard ilipokea maombi 54,008 na kuwakubali 1,937. Na nje ya vyuo kuna serikali: mwishoni mwa Mei 2025 balozi za Marekani ziliagizwa kusitisha miadi mipya ya viza za wanafunzi, zikaruhusiwa kuendelea mwezi uliofuata kwa ukaguzi mpana zaidi wa akaunti za mitandao ya kijamii. Mzazi anayeambiwa kwamba mpango mzuri ni hakikisho anadanganywa.

Ndiyo maana swali gumu zaidi la kisa hiki lilikuwa KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo nchini Kenya. Binti atakuwa na nafasi ya uhandisi katika chuo kikuu cha umma cha Kenya kuanzia Agosti au Septemba 2028, mwaka mmoja kabla ya kuweza kuanza Marekani. Baba alitaka aingie, asome huku akisubiri. Tatizo ni kwamba vyuo vingi vya Marekani humhesabu aliyekwisha kuanza digrii kuwa mwanafunzi wa kuhamia, na kwa wahamiaji wa kigeni nafasi na fedha ni finyu mno. Tumekubaliana hivi: aombe KUCCPS kama kawaida, aikubali nafasi, na kabla ya siku ya kuripoti aandike kuomba kuahirisha mwaka mmoja. Uamuzi wa kuahirisha utafanywa mwezi wa Agosti 2028 kwa vigezo viwili vilivyoandikwa tangu sasa, ili usifanywe kwa jazba: KCSE isipungue A-, na hisabati ya SAT isipungue 740 kati ya 800. Akikosa kimojawapo, ataripoti chuoni Kenya siku hiyo hiyo na Marekani itasubiri shahada ya uzamili. Baba alitaka kigezo cha pili kishushwe hadi 700. Nimekataa, kwa sababu robo tatu ya wanaoingia MIT huwa na 780 au zaidi, na sitaki mwaka mzima wa binti huyu uwekwe rehani kwa matumaini ambayo namba hazikuyabeba. Jambo hilo bado tunalijadili, na nimewaomba walimalize kabla ya likizo ya Agosti mwaka huu.